Ratiba ya maratoni kwa mtu anayeishi kwa giza na mbalamwezi

Ratiba karibu zote za maratoni zimeandikwa kwa mtu ambaye Jumamosi na Jumapili hana kazi. Wiki 16 au 18, Jumatatu mapumziko, Jumanne kasi, Jumapili mbio ndefu, wiki tatu unaongeza ya nne unapunguza, imepangwa vizuri na inafanya kazi, siandiki hapa kuiponda. Ila mimi nafanya biashara ya dagaa, nashinda mwaloni Kibirizi hapa Kigoma, pale wavuvi wanaposhusha mzigo, na huku Jumapili haina tofauti na Jumanne. Sisi tunahesabu mwezi. Kukiwa na giza wavuvi wanaingia ziwani jioni na taa zao, dagaa wanafuata mwanga, alfajiri mzigo unashuka na kuanzia hapo ni kununua, kuanika, kugeuza, kuanua, kufunga, mpaka jua linazama. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa hazina kazi tena maana ziwa zima lina mwanga, dagaa wametawanyika, wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu, na sisi tunapumua. Hiyo ndo kalenda toka enzi za karabai mpaka leo za taa za sola.

Kwa hiyo nikianza na jambo lenyewe kabisa ni hili, ratiba uwe nayo na uifuate kwelikweli, lakini uchovu unaouhesabu uwe uchovu wako wote, siyo wa kukimbia tu. Mguu uliosimama mwaloni toka saa kumi na moja alfajiri umechoka hata kama aplikesheni ya simu inaonyesha kilomita sifuri. Hakuna ratiba ya mtandaoni inayojua hilo, lazima uiambie wewe.

Programu yangu ya kwanza, ya kujiandaa na Kilimanjaro Marathon ya Moshi, ilikuwa ya Marekani, imeandikwa kwa maili, kila mahali maili 6, maili 10, maili 20, nikaibadilisha kwenda kilomita (maili 20 ni kama kilomita 32) afu nikaipeleka kwa mzee mmoja wa Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, aliyekuwa mwalimu wa michezo, ambaye wengi tuliosoma huku tunamwita Mwalimu tu mpaka leo. Nikamkuta barazani, nikamwamkia, akaitikia, akachukua karatasi yangu akaisoma yote bila kusema kitu halafu swali lake la kwanza halikuhusu kukimbia kabisa.

"Mwanangu, unalala masaa mangapi?"

Nikamwambia inategemea, giza likiwepo kama masaa matano, mbalamwezi nalala mpaka nichoke. Akasema haya, basi hii karatasi ni ya mtu mwingine, tutaandika ya kwako. Akafungua daftari la kaunta, akachora mistari kwa rula, na juu ya safu pale ambapo ratiba nyingine zinaandika Jumatatu Jumanne yeye akachora duara. Duara lililopakwa wino lote, duara nusu, duara tupu. Chini ya kila duara akaniambia nijaze kwanza kazi, mzigo unaingia lini, natakiwa wapi saa ngapi, watoto wanaenda shule saa ngapi, ndipo akashika penseli akaanza kuweka mbio kwenye nafasi zilizobaki. Penseli, siyo kalamu, na alisisitiza hilo.

Sasa msingi. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, samaki wazaliane. Kwetu watu wa mwaloni ilikuwa kipindi kigumu, sitakipamba, hela haikuwepo. Muda ndo ulikuwepo. Mwalimu akasema miezi mitatu hii ndo ya kujenga msingi na hapa akanisimulia habari za Arthur Lydiard, kocha wa New Zealand, ambaye wachezaji wake Peter Snell na Murray Halberg walichukua dhahabu siku moja kwenye Olimpiki ya Roma 1960, Snell mita 800 na Halberg mita 5,000. Huyo Snell ni mtu wa mizunguko miwili tu ya uwanja, lakini Lydiard alikuwa anamkimbiza karibu kilomita 160 kwa wiki kwenye kipindi cha msingi, barabarani, milimani, kama mtu wa maratoni. Kwanza msingi mrefu, afu milima, afu kasi, afu unapunguza uende kwenye mashindano ukiwa mbichi. Ratiba nyingi za leo, hata hizi za bure kwenye simu, zimejengwa kwenye mpangilio wa namna hiyo ukiziangalia vizuri.

Mimi sikwenda kilomita 160, wala nusu yake. Na sababu moja ambayo sijaiona ikiandikwa sana ni chakula. Kilomita zinakula. Ukiongeza mbio lazima uongeze sufuria, na kipindi kile sufuria haikuwa ya kuongeza, kwa hiyo Mwalimu akapima mbio kwa kile kilichopo nyumbani, ugali wa muhogo, maharage, mawese, matembele, dagaa wakavu niliokuwa nimewaweka, akasema tukimbie siku nne kwa wiki na tusizidishe mpaka ziwa lifunguliwe. Nashukuru sana kwa hilo. Kuna watu wanakonda wanadhani wanakuwa wepesi kumbe mwili unajila, mwanamke anakosa mpaka siku zake anafikiri ni mazoezi mazuri, hapana, hiyo ni dalili mwili umepungukiwa na usiichukulie poa, nenda hospitali na punguza mbio.

Kitu ambacho msingi unakufundisha ni kwenda polepole, na hapo ndo watu wengi hawaelewi kabisa. Mbio ya polepole siyo mbio ya mvivu. Ukikimbia taratibu kwa muda mrefu moyo unapanuka na kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa midogo ya damu inaongezeka kwenye misuli, mwili unajifunza kuchoma mafuta badala ya kukimbilia wanga, na mifupa na mishipa ya kano inapata muda wa kukomaa, maana pumzi inakuja haraka, wiki chache tu unaiona, ila kano inachukua miezi. Wengi wanaumia hapo katikati, pumzi imeshapatikana lakini kifundo cha mguu hakijawa tayari. Wataalamu wanasema karibu asilimia 80 ya mbio zako ziwe za namna hiyo. Kipimo ni kwamba uweze kuongea sentensi nzima bila kuhema.

Huku kwetu kipimo hicho tunacho barabarani. Ukitoka Mwanga kwenda Ujiji huwezi kumpita bibi amekaa kibarazani ukampungia mkono, hiyo ni dharau, na huwezi kuishia kwenye shikamoo. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, hamjambo huko?" "Hatujambo bibi, mmeshindaje?" "Tumeshinda salama, mama hajambo?" "Hajambo, anawasalimia." Yote hiyo ukiwa unakimbia, unapunguza kidogo tu, na kama umeimaliza sauti yako haijakatika basi uko kwenye kasi sahihi. Kama kwenye mama hajambo umeshindwa kujibu, umeenda mbio sana. Mwalimu aliandika kabisa kwenye daftari, "kasi ya salamu", na siku zote zenye alama hiyo haikuruhusiwa kuangalia pesi, yaani dakika kwa kila kilomita, kwenye simu. Nilikuwa naiweka mfukoni inarekodi, nafungua nyumbani.

Ziwa likafunguliwa Agosti, kazi ikarudi kwa nguvu, na Septemba na Oktoba tukaingia milima. Wanaoijua Kigoma wanajua, kutoka stesheni ya reli pale chini karibu na bandari kupanda mpaka Mwanga ni mlima mmoja wa kueleweka, lami nzuri, na ukifika juu ukigeuka ziwa lote liko chini yako. Tulikuwa tunapanda kwa nguvu ya wastani, siyo kukurupuka, magoti juu, kifua wazi, halafu, na hili ndo nataka mtu alisikie, tunateremka vilevile kwa kukimbia, siyo kutembea. Mteremko ndo unaopasua misuli ya mapaja. Ukiteremka msuli unafanya kazi huku unavutwa, ndo maana siku mbili baadaye unashika ukuta kushuka ngazi, lakini ukiuzoesha kidogokidogo unakuwa mgumu na maumivu yale hayarudi kwa kiwango kile. Moshi mbio inapanda kwenda Mweka na inarudi chini, kwa hiyo Mwalimu alikuwa anaona mbali.

Kuhusu muda wa kukimbia nako ratiba ilibidi ibadilishwe. Kila mtu anakuambia kimbia alfajiri, saa kumi na moja. Sisi tuko magharibi kabisa ya nchi, saa ni ileile ya Dar ila jua letu linachelewa, saa kumi na mbili asubuhi Kigoma ni giza, na kwa mwanamke peke yake barabarani gizani sishauri. Isitoshe saa hiyo mimi niko mwaloni. Lakini jua linalochelewa kutoka linachelewa pia kuzama, mpaka karibu saa moja usiku bado unaona njia, kwa hiyo jioni yetu ni ndefu kuliko ya wenzetu wa pwani. Saa kumi na moja na nusu jioni joto linaanza kuvunjika, upepo wa ziwa upo, mdogo wangu anatoka na baiskeli ananifuata nyuma na chupa za maji. Ndo ikawa saa yangu. Siku za mbio ndefu tu ndo tulikuwa tunaanza saa moja asubuhi kukiwa kumepambazuka, na hizo ziliwezekana mbalamwezi peke yake.

Basi hebu nieleze mwezi mmoja wa ratiba ulivyokuwa, maana nadhani hapa ndo kuna faida.

Ratiba ya kawaida inasema wiki tatu nzito, ya nne nyepesi, ili mwili upone na ujenge. Sisi tukaigeuza ikafuata kazi. Mbalamwezi ikianza, siku mbili za kwanza hakuna kitu, kulala. Mwalimu alikuwa mkali hapo kuliko kwenye mbio, anasema unatoka kwenye wiki za kulala masaa matano afu unataka ukimbie kilomita 26 siku ya kwanza ya likizo, unajenga nini hapo, mwili unajengwa usingizini. Siku ya tatu ndo mbio ndefu ya mwezi. Katikati ya wiki hiyo tempo, yaani dakika 20 mpaka 30 za kasi ambayo unaweza kusema maneno matatu manne tu, siyo ya kufa, kasi ya kung'ang'ania. Na kabla mbalamwezi haijaisha mbio nyingine ya kati, kilomita 16 au 18. Hiyo ndo ilikuwa wiki yangu nzito kuliko zote, nikiwa nimelala, nimekula, miguu haijasimama.

Afu giza linarudi, na wiki ya kwanza ya giza ndo mzigo unakuwa mwingi kuliko wakati wote, kila mtu ana hamu ya kazi. Ratiba ya mtandaoni ingesema wiki ya pili ya kupanda, ongeza. Sisi tuliandika wiki nyepesi. Dakika 30 au 40 jioni, kasi ya salamu, mara tatu, basi. Wiki zinazofuata za giza mwili umeshazoea kazi, hapo tunaweka mlima siku moja, na mbio ya kati ikawa haina siku maalumu, inasubiri ziwa. Kuna siku upepo unatoka ziwa linachafuka, wavuvi hawaingii, asubuhi hakuna mzigo, na siku hiyo ndo tunakimbia. Daftarini aliandika "ziwa likichafuka km 16" na kweli kuna giza lilipita upepo haukutoka na hiyo kilomita 16 haikukimbiwa, ikapita hivyohivyo, hatukuilipa wiki iliyofuata. Mwalimu hakubali deni. Mbio iliyopita imepita, ukianza kurundika za jana juu ya za leo ndo unaumia.

Hilo la deni nimeliona kwa vijana wengi wa jogingi hapa mjini, wana moyo sana, wana nguvu kuliko mimi mara mbili, lakini akikosa siku mbili kwa sababu ya kazi ya bodaboda siku ya tatu anakimbia za siku zote tatu kwa mpigo, afu anakuja na goti. Au kila siku ni mashindano, hakuna siku ya polepole, hakuna siku ya kasi kweli, yote ni katikati, amechoka kila siku na hapandi. Ratiba kazi yake kubwa ni kukuzuia, na mtu mwenye nguvu ndo anayehitaji kuzuiwa zaidi.

Mvua huku zinaanza kuelekea mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo Novemba mpaka Februari ni mvua na jasho. Hewa inakuwa nzito, jasho halikauki mwilini, na jasho lisipokauka halikupoozi. Zile jedwali za pesi, kilomita kwa dakika kadhaa, nyingi zimepigwa kwa hali ya hewa ya baridi, ukizishika kama zilivyo kwenye unyevu wa Kigoma moyo unakimbia kuliko miguu. Tukawa tunafuata pumzi. Mvua ikinyesha nilikimbia, radi hapana, radi za huku si za kuchezea.

Viatu nilinunua mtumba, sokoni, na sioni ubaya ila chagua kwa utulivu. Geuza soli uangalie kisigino kimelika upande gani, kama kimelika sana ndani au nje huyo mwenye nacho alikuwa na mwendo wake na kitakuvuta uufuate. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba, ile sehemu laini, kama ni ngumu na ina mikunjo mikunjo pembeni imeshakufa hata kama juu kinang'aa. Kunja kiatu, kinatakiwa kikunjike kwenye vidole, siyo katikati ya unyayo. Na uache nafasi ya kidole gumba kimoja mbele, miguu inavimba ukikimbia masaa.

Mbio ndefu kuliko zote, kilomita 32, tuliiweka mbalamwezi ya Januari. Kilimanjaro Marathon ni mwisho wa Februari, na kwa ratiba ya kawaida mbio hiyo ndefu inakaa wiki tatu kabla, sasa wiki tatu kabla kwetu mwezi ulikuwa bado mdogo na mzigo unashuka, kwa hiyo Mwalimu akasema ya 32 iende Januari nikiwa nimepumzika, na mwanzoni mwa Februari tutafanya fupi kidogo. Nilikwenda Ujiji na kurudi, mara mbili, na kipande cha barabara ya Kasulu juu yake. Kilichonisaidia siku hiyo ni kula njiani. Mwili unaweka wanga kwenye misuli na ini, na akiba hiyo kwa watu wengi inaanza kukata kwenye kilomita ya 30 hivi, ndo ule ukuta watu wanaousema, miguu inakuwa mizito ghafla na kichwa kinakata tamaa. Unaongezea gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa. Jeli za wakimbiaji huku hazipatikani na zikipatikana ni bei, mimi nilitumia glukosi ya unga kwenye maji, chumvi kidogo sana, na tende nilizozitoa kokwa kabla, nazifunga kwenye mfuko mdogo. Muhimu uzoeze tumbo kwenye mazoezi, usilijaribie siku ya mashindano. Mdogo wangu na baiskeli yake alikuwa anatazama saa, kila nusu saa ananisogezea, "dada kula", hata nikikataa.

Kuelekea mashindano unapunguza. Wiki tatu za mwisho kilomita zinashuka, wiki ya kwanza robo, inayofuata karibu nusu, ya mwisho kidogo tu, lakini kasi haufuti, unaacha vipande vichache vya haraka ili miguu isisahau. Na hapa mwezi ulitupa mtihani, maana mbalamwezi ya katikati ya Februari iliangukia kwenye kupunguza. Yaani wakati pekee ambao nina muda, nimelala, nina nguvu, miguu inawasha, natakiwa nisikimbie. Nilimwendea Mwalimu nikamwomba hata kilomita 20 tu. Akanijibu, "Mwanangu, mbalamwezi hii ni ya kulala yote. Ulichovuna umeshavuna." Nikalala, nikapika, nikaonana na ndugu.

Afu safari. Kigoma mpaka Moshi kwa basi siyo mchezo, unapita Tabora, Singida, Arusha, na miguu inavimba kwa kukaa. Tuliliandika na lenyewe kwenye ratiba, kutoka mapema nipate siku za kukaa Moshi kabla, kila basi likisimama nashuka natembea, maji, na nilibeba chakula changu mwenyewe ili nisile cha njiani tumbo likaharibika. Mzigo wa giza lile aliubeba dada yangu mkubwa. Bila yeye kwenda mwaloni alfajiri zote zile kwa niaba yangu hakuna ratiba yoyote ambayo ingenifikisha Moshi, na nilimwambia hivyo mbele ya watu.

Mbio zenyewe zinaanzia Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Mwanzo ni barabara kuu, watu wengi, vigelegele, na hapo ndo hatari maana kila mtu anaondoka kasi na wewe unajiona mzima. Nilishika kasi ya salamu kilomita kumi za kwanza, nikapitwa na watu wengi sana. Halafu unageuzwa kupanda kuelekea Mweka, mlima unakukuta nusu ya mbio tayari imo miguuni, na pale nikaanza kuwaokota mmoja mmoja, siyo kwa sababu naongeza, naenda vilevile, wenzangu ndo wanapungua kasi. Daftarini palikuwa pameandikwa "mlima kwa pumzi". Kupanda taratibu, tende, maji, na kushuka kule mapaja yalishika mpaka mwisho, nikakumbuka stesheni na Mwanga kila hatua. Nilimaliza chini ya masaa matano, nikiwa nakimbia.

Kitu kimoja kimebadilika sana toka hapo. Septemba 15, 2025 Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya dunia Tokyo, 2:09:48, muda uleule na Amanal Petros wa Ujerumani, ikabidi picha ya mstarini iamue, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Huku kwetu mbio zile zilikwenda usiku wa manane, sisi habari ilitukuta alfajiri mwaloni tunasubiri mzigo ushuke, mtu ana simu anapitisha video, mpaka wavuvi walioshuka wamelowa wanasukumana kuangalia zile hatua za mwisho. Simbu aliwahi kuchukua shaba London 2017, kwa hiyo hapo katikati ni miaka minane ya kufuata ratiba. Kabla ya siku ile nikipita na hijabu yangu na raba nilikuwa naulizwa namkimbia nani. Siku hizi watoto wa Kibirizi wananiita Simbu, na kinamama wawili wa vichanjani wameanza kuja jioni, tunakwenda kasi ya salamu, tunaongea biashara njia nzima.

Wengine wameniomba hiyo ratiba ya mwezi, na naitoa, lakini kama wewe siyo wa dagaa haikufai, chora maduara yako. Juzi amekuja nesi mmoja, kazi yake ni ya zamu, anataka nusu maratoni. Tukakaa naye na daftari, tukaandika kwanza naiti zote za mwezi, tukazihesabu kila moja kama siku ya mazoezi mazito ingawa hakukimbia hatua. Baada ya naiti hakimbii mpaka alale usingizi kamili. Ana ofu mbili mfululizo, na yeye alitaka mbio ndefu ofu ya kwanza ili ya pili apumzike. Mwalimu kaifuta, kaiweka ofu ya pili, na kilomita ameanza na 8.